Wakimbizi wa Jamma'il na Mji Walioujenga: Funzo kwa Wenye Kupokea Wageni

Shukrani zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyehama mji wake akapokelewa na Answari.

Ndugu Muislamu, mwanafunzi aliyesoma Umdatul Ahkam anamjua mtunzi wake, Imam Abdulghani al-Maqdisi. Na asomaye fiqhi ya Kihanbali hana budi kufika kwenye al-Mughni ya Imam Muwaffaquddin Ibn Qudama. Lakini ni wachache wenye kukumbuka kwamba maimamu hawa wawili walitoka katika ukoo wa wakimbizi.

Jamma'il ni kijiji kilicho karibu na Nablus, Palestina. Katika karne ya 6 Hijria kilikuwa chini ya Mafaranji waliokuja na vita vya msalaba. Wanahistoria wameeleza kwamba mtawala wa Kifaranji wa eneo lile aliwatoza Waislamu kodi nzito kuliko iliyozoeleka na kuwaadhibu kikatili. Khatibu wa kijiji, Sheikh Ahmad bin Muhammad bin Qudama, alikuwa akiwasomesha watu, nao wakimiminika kwake siku za Ijumaa. Mtawala akaambiwa kwamba sheikh huyo anawaachisha wakulima kazi, akakusudia kumuua. Mwaka 551 Hijria (1156) Sheikh Ahmad akakimbilia Damascus, mji uliokuwa chini ya Nuruddin Zangi tangu 549 (1154). Kisha jamaa zake wakamfuata kwa makundi, wanaume, wanawake na watoto. Muwaffaquddin, mwanawe, alikuwa na umri wa miaka kumi.

Wakapewa makao katika msikiti wa Abu Salih, nje ya Lango la Mashariki. Hapo ndipo ilipo ibra ya kwanza. Mahali hapakuwatosha, maradhi yakawaandama, na wengine wakafa. Tena ukazuka mvutano juu ya wakfu wa msikiti ule, uliokuwa mikononi mwa familia nyingine ya Kihanbali. Tazama! Wote ni Waislamu, na madhehebu ni moja, lakini ujio wa wageni ulitia hofu nyoyoni mwa wenyeji. Sheikh Ahmad hakutaka kugombania mali. Akawachukua watu wake wakapanda mteremko wa mlima Qasiyun, wakajenga upya huko.

Mahali pale pakaitwa Salihiyya. Mtoto mkubwa wa sheikh, Abu Umar (aliyefariki 607 Hijria), akaanzisha madrasa iliyojulikana kwa jina lake, al-Umariyya. Mwaka 598 (1202) ukaanza ujenzi wa msikiti mkuu. Fedha zilipokwisha, Amir Muzaffaruddin wa Irbil, mji ulio mbali na Sham, akatuma mali ya kuukamilisha. Wakimbizi wale wakawa walimu wa waliowapokea, na Salihiyya ingali mtaa wa Damascus mpaka leo.

Sasa tujiulize: lau wangelifukuzwa langoni, ni elimu kiasi gani tungeikosa?

Suala hili si la kale tu. Kambi za Dadaab, Kenya, zilianza mwaka 1991 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Somalia. Na Nyarugusu, mkoani Kigoma, imepokea Wakongo tangu 1996. Mara nyingi huulizwa: je, zaka yetu inamfaa mkimbizi, ilhali si mtu wa mji wetu?

Jibu limo vitabuni. Mkimbizi asiye na kitu ni fakiri au maskini, kwa hiyo ameingia katika aya ya 60 ya Suratut Tawba kwa ufakiri wake. Aliyeacha mali kwao na hawezi kuifikia anaingia katika maana ya ibnus sabil. Ama kauli mashuhuri ya madhehebu yetu ya Shafi'i, kwamba zaka isihamishwe kutoka mji wa mali, haimzuii mkimbizi aliyekuja mjini. Kinachotazamwa ni mahali alipo mstahiki. Mgeni aliyemo mjini ni mstahiki kama mwenyeji, ingawa mwenyeji hutangulizwa kwa ubora kwa sababu ya ujirani. Basi asitumie mtu hukumu hii kumfungia mlango jirani yake mpya. Na mkimbizi asiyekuwa Muislamu, hata kama zaka ya faradhi haimhusu kwa kauli ya jamhuri ya wanazuoni, sadaka ya sunna yaruhusiwa kupewa, na aya ya 8 ya Suratul Mumtahina imetuhimiza wema kwa wasiotupiga vita.

Enyi maimamu, wafahamisheni watu haya juu ya mimbari. Aya ya 9 ya Suratul Hashr imewasifu Answari kwa kuwatanguliza wageni hali wao wenyewe ni wahitaji. Hawakungoja kwanza watajirike.

Tunamuomba Allah awape amani waliotolewa majumbani mwao, na atujaalie nyoyo za Answari. Wallahu a'lam.