Masharti ya Udaktari wa Sayansi ya Siasa: Yametoka Wapi, na Yanamtumikia Nani?

Katika vikao vyetu na katika vyuo vyetu, neno "Daktari" mbele ya jina la mtu lina uzito mkubwa. Msemaji akitambulishwa kwa neno hilo, ukumbi hunyamaza. Wapo wanaolitafuta kwa sababu ya elimu iliyo nyuma yake, na wapo wanaolitafuta kwa sababu ya kiti cha mbele kinachoambatana nalo. Kwa kuwa vijana wengi na makada wetu kadhaa sasa wanaomba kusomea shahada hiyo, hasa katika sayansi ya siasa, inafaa tujiulize mambo mawili. Je, masharti ya kuipata yametoka wapi? Na je, mtu anayeyatimiza anamtumikia nani?

Maswali hayo hayajibiwi na fomu ya maombi. Kila sharti lililoandikwa katika fomu hiyo liliwekwa na watu fulani, katika nchi fulani, kwa haja yao. Asiyejua historia hiyo huingia katika moja ya makosa mawili: ama huyaabudu masharti kana kwamba yameshuka kutoka mbinguni, ama huyadharau kana kwamba ni vikwazo vya wazungu tu. Makosa yote mawili yana hasara kwa nchi changa.

Masharti yenyewe

Tuanze na hali ilivyo. Katika vyuo vikuu vya Marekani, mwanafunzi wa udaktari wa sayansi ya siasa kwa kawaida husoma kwanza darasani kwa kiasi cha miaka miwili. Husoma nadharia ya siasa, siasa linganishi ya nchi mbalimbali, uhusiano wa kimataifa, siasa ya Marekani yenyewe, na mbinu za utafiti. Baada ya hapo hufanya mtihani mkubwa unaopima kama ameimudu taaluma nzima au sehemu zake mbili tatu. Akifaulu, huandika mpango wa utafiti na kuutetea mbele ya kamati ya walimu. Ndipo hufanya utafiti, huandika tasnifu, na mwisho huitetea kwa mdomo. Kazi yote huchukua miaka mitano hadi saba, na mara nyingi zaidi.

Uingereza ina njia nyingine. Huko mwanafunzi huanza utafiti karibu mara moja chini ya msimamizi, huandika tasnifu kwa miaka mitatu au minne, kisha huhojiwa na watahini, mmoja wa chuo chake na mwingine kutoka nje. Oxford ilianzisha shahada ya namna hiyo mwaka 1917 tu. Vyuo vyetu vya Afrika Mashariki vimerithi njia zote mbili: ipo shahada ya tasnifu peke yake, na ipo ya masomo ya darasani pamoja na tasnifu.

Njia ni mbili, lakini kiini ni kimoja. Mtahiniwa anatakiwa kuongeza jambo jipya katika elimu ya binadamu, na kulithibitisha mbele ya watu wenye uwezo wa kumpinga.

Kutoka leseni hadi utafiti

Kiini hicho hakikuwapo tangu mwanzo. Neno "daktari" linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kufundisha. Katika vyuo vya kale vya Ulaya, kama Bologna na Paris, udaktari ulikuwa ruhusa ya kuingia katika chama cha walimu, kama vile fundi seremala alivyoruhusiwa kuingia katika chama cha mafundi. Watu wa mwambao wetu wanalifahamu jambo lililo karibu na hilo. Mwanachuoni wa Lamu au wa Unguja alipewa ijaza na mwalimu wake, yaani idhini ya kufundisha alichosoma kwake. Aliyepewa idhini hakuulizwa amegundua nini kipya. Aliulizwa kama amekipokea sawasawa kile cha zamani.

Mabadiliko makubwa yalitokea Ujerumani. Mwaka 1806 majeshi ya Napoleon yaliivunja Prussia katika vita vya Jena. Watawala wa Prussia walitambua kwamba dola iliyoshindwa kwa silaha lazima ijijenge upya kwa elimu na kwa utumishi wenye ujuzi. Mwaka 1810 chuo kikuu cha Berlin kikafunguliwa, kwa mawazo ya Wilhelm von Humboldt. Katika vyuo vya namna hiyo profesa alitakiwa kuwa mtafiti, na mwanafunzi alifunzwa kutafiti pamoja naye katika semina. Tasnifu ya utafiti ikawa ndiyo mlango wa udaktari.

Karl Marx alipita katika mfumo huo. Alisoma Berlin, akaandika tasnifu juu ya falsafa ya Wagiriki wa kale, akaipeleka katika chuo kikuu cha Jena, na mwaka 1841 akapewa udaktari bila yeye mwenyewe kufika Jena. Hakupata kazi ya ualimu wa chuo kikuu. Kazi iliyotikisa dunia aliifanya baadaye, bila cheo chochote cha chuo. Makada wakumbuke jambo hilo kila wanapodhani kwamba shahada ndiyo huzaa fikra.

Sayansi ya siasa na mabeberu

Marekani iliagiza mfumo huo kutoka Ujerumani. Yale ilitoa udaktari wa falsafa wa kwanza wa nchi hiyo mwaka 1861, na mwaka 1876 Johns Hopkins ilifunguliwa mjini Baltimore ikiwa na semina za mtindo wa Kijerumani. Mwaka 1880 John W. Burgess, aliyekuwa amesoma Göttingen, Leipzig na Berlin, alianzisha Shule ya Sayansi ya Siasa katika chuo cha Columbia, New York. Hapo ndipo elimu ya siasa ilipoanza kupata mafunzo yake kamili ya udaktari katika nchi hiyo. Lengo mojawapo lilikuwa kuandaa watumishi wa dola.

Dola ipi, na kwa siasa ipi? Burgess mwenyewe alijibu. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1890 alifundisha kwamba mataifa ya asili ya Kijerumani yamepewa kazi ya kupeleka utaratibu wa siasa kwa watu aliowaita washenzi, na kwa hiyo lazima yawe na siasa ya ukoloni. Mwaka huohuo wa 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba uliogawa Afrika Mashariki, Zanzibar ikawekwa chini ya Waingereza. Hatusemi kwamba kitabu kilileta mkataba. Tunasema kwamba fikra za darasani na vitendo vya mabeberu vilikua katika udongo mmoja.

Tuone pia mtahiniwa mmoja wa wakati huo. Woodrow Wilson, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani kuanzia 1913 hadi 1921, alipata udaktari wake Johns Hopkins mwaka 1886 kwa kitabu juu ya bunge la nchi yake. Baltimore ni karibu sana na Washington, lakini kitabu hicho alikiandika bila kwenda kulitazama bunge hilo likifanya kazi. Masharti yalitimizwa, shahada ikatolewa. Basi tusidhani kwamba muhuri wa chuo kikuu unamfikisha mtafiti mahali ambapo miguu yake haikufika.

Swali la Ralph Bunche

Je, historia hii inatuambia tuukatae udaktari? La, hasha. Tumtazame Ralph Bunche, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata udaktari wa sayansi ya siasa katika chuo kikuu cha Marekani. Aliupata Harvard mwaka 1934.

Bunche alitimiza masharti yote yaliyowekwa na wakubwa wa taaluma ile. Lakini swali lilikuwa lake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, makoloni ya Ujerumani yaligawiwa washindi chini ya Shirikisho la Mataifa. Wafaransa walipewa sehemu kubwa ya Togo. Waingereza walipewa Tanganyika. Ilitangazwa kwamba nchi hizo si makoloni tena, kwamba zimekabidhiwa kwa amana, na mtawala atatoa hesabu Geneva kila mwaka. Bunche akauliza: je, kwa mwananchi wa kawaida, kuna tofauti gani kati ya amana hiyo na ukoloni mtupu?

Ili kulijibu alichagua nchi mbili jirani zenye mtawala mmoja: Togo, iliyokuwa ya amana, na Dahomey, iliyokuwa koloni la kawaida na ambayo sasa inaitwa Benin. Ukitaka kupima dawa, lazima uwe na mgonjwa aliyeinywa na mgonjwa asiyeinywa. Alisoma nyaraka Paris na Geneva, kisha akaenda Afrika Magharibi kujionea. Alihitimisha kwamba tofauti katika maisha ya watu ilikuwa ndogo sana. Jina la utawala lilibadilika kuliko utawala wenyewe. Harvard iliipa tasnifu hiyo tuzo.

Hapa ndipo masharti yanapoonyesha faida yake. Mwanasiasa angeweza kusema jambo hilohilo jukwaani na kuitwa mchochezi. Bunche alilisema kwa ushahidi uliopangwa, kwa kulinganisha, mbele ya watahini waliokuwa na kila nafasi ya kumwangusha, nao hawakuweza. Miaka michache baadaye alikwenda London kuendelea na utafiti, akajifunza Kiswahili kidogo kwa Jomo Kenyatta, kisha akasafiri Afrika Kusini na Kenya. Mwaka 1945 alishiriki kuandika sura za Hati ya Umoja wa Mataifa zinazohusu nchi zisizojitawala na zilizo chini ya udhamini, na kuanzia 1946 aliongoza idara ya udhamini ya Umoja huo.

Tanganyika ikawa nchi ya udhamini. Tarehe 7 Machi 1955 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini, New York, akatoa madai ya TANU. Tasnifu haikuikomboa Tanganyika. Wananchi waliojiunga na chama chao ndio walioikomboa. Lakini lilikuwapo baraza la kusikiliza madai yao, na katika kuliunda baraza hilo ulitumika ujuzi wa mtu aliyekuwa amethibitisha kwa utafiti kwamba amana bila usimamizi wa kweli ni ukoloni uliovaa kanzu.

Nani anauliza, na kwa lugha gani?

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Mwaka 1957 Urusi ilirusha chombo angani, Marekani ikashtuka, na mwaka 1958 ikapitisha sheria ya kugharimia elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa. Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizofundishwa kwa fedha hizo. Hivyo sharti la zamani la kujua lugha za kigeni, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa na maana ya Kifaransa na Kijerumani, likafika hadi kwetu.

Watafiti wakaja. Mwaka 1967 Henry Bienen, aliyepata udaktari wake Chicago, alitoa kitabu juu ya TANU na maendeleo ya uchumi. Mwaka 1968 Göran Hydén alipata udaktari katika chuo kikuu cha Lund, Sweden, kwa tasnifu juu ya siasa za vijijini Tanzania, na jina lake lilianza kwa Kiswahili: TANU Yajenga Nchi. Kazi hizo zina faida, na hatuna sababu ya kuwalaumu waliozifanya. Walifanya bidii ambayo wengi wetu hatukuifanya. Lakini tazama hali ilivyokuwa: chama kilikuwa chetu, vijiji vilikuwa vyetu, wajibuji wa maswali walikuwa wakulima wetu, na watahini walikuwa Chicago na Lund.

Na sisi? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa na kitivo cha sheria tu, ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na shahada zake zilikuwa za London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikasimama peke yake. Mtu wa Afrika Mashariki aliyetaka udaktari wa siasa katika miaka hiyo ya mwanzo kwa kawaida alisafiri. Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, alipitia Manchester, kisha Columbia, chuo kilekile cha Burgess, akamalizia Oxford mwaka 1966. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kinachouliza nani ailinde amani ya Afrika. Alikwenda mbali, lakini alirudi na swali la kwao.

Funzo kwa makada na wanafunzi

Kutokana na historia hii tunapata mambo matatu.

Kwanza, tusilegeze masharti. Wako wanaodai kwamba mtu aliyeitumikia nchi kwa miaka mingi anastahili njia ya mkato. Kwa utumishi uliotukuka ipo shahada ya heshima, na aliyepewa aipokee kwa jina lake halisi. Udaktari wa utafiti ni kitu kingine. Anayelipa mtu amwandikie tasnifu, au anayenakili kazi ya mwenzake, anaiibia jamii mara mbili: anachukua heshima asiyoistahili, na anaiachia nchi mshauri asiyejua anachoshauri.

Pili, tulinde swali. Anayelipa gharama za utafiti mara nyingi huchagua mada. Kwa hiyo kabla ya kuandika mpango wa utafiti, mwanafunzi ajiulize: jibu la swali hili likipatikana, nani ataweza kulitumia? Kama jibu ni mfadhili peke yake, swali hilo litafutiwe mwenzake.

Tatu, tasnifu irudi. Tasnifu juu ya ushirika wa wakulima, iliyoandikwa kwa Kiingereza na kufungiwa katika maktaba, haijamfikia mkulima aliyekaa saa mbili akijibu maswali. Mtahiniwa anayeweza kuitetea kazi yake mbele ya maprofesa ashindwe vipi kuieleza kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji? Huko nako kuna watahini, na baadhi yao wanaijua habari yenyewe kuliko kamati nzima.

Masharti ya udaktari yaliwekwa na wengine kwa haja zao. Bunche alionyesha kwamba yanaweza kutimizwa yote bila kupungua hata moja, na bado kazi ikawatumikia waliotawaliwa. Sharti hilo la mwisho halimo katika fomu ya chuo chochote. Ni juu yetu kuliandika.