Rejista Nilizozichoma

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliagiza rejista za zamani zichomwe moto. Mchwa walikwisha kuziingia, nasi tulihitaji stoo ya kuwekea magodoro. Humo mlikuwamo uzito na urefu wa kila mwanachuo aliyepimwa siku ya kuripoti, miaka nenda miaka rudi. Nilitia sahihi bila kusita. Jambo hili hunichoma kila nisomapo habari za Hertfordshire.

Hertfordshire ni jimbo la Uingereza, kaskazini ya London. Tangu mwaka 1911, chini ya Ethel Margaret Burnside, msimamizi wa wakunga, kila mtoto aliyezaliwa huko aliandikwa daftarini: uzito wake siku ya kuzaliwa, uzito wake alipotimiza mwaka, ananyonya ziwa au chupa, meno mangapi yameota. Nia ilikuwa watoto wachanga wasife. Habari ya moyo haikuwamo kabisa.

Miaka zaidi ya 70 baadaye, Profesa David Barker wa Southampton na wenzake waliyapata madaftari hayo. Sasa, ndugu msomaji, daftari la mkunga ni nusu ya habari tu. Husema mtu alianzaje, halisemi aliishiaje. Nusu ya pili ilikuwa katika rejista kuu ya huduma ya afya ya taifa, iliyowawezesha kujua nani amekufa na kwa ugonjwa gani. Wakaoanisha jina kwa jina. Mwaka 1989 walitangaza matokeo ya wanaume 5,654: waliokuwa wepesi zaidi walipozaliwa na walipotimiza mwaka ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Mwaka 1991 wakaonyesha mwelekeo kama huo kwa kisukari.

Kwa nini wanaume tu? Wanawake walibadili majina walipoolewa, ikawa taabu kuwafuatilia. Mwalimu aliyewahi kumtafuta mwanafunzi wake wa kike wa zamani atanielewa. Wafini waliikwepa taabu hiyo, kwani mwaka 1971 kila mkazi alipewa namba yake, aolewe au ahame. Kwa namba hiyo watafiti waliunganisha kumbukumbu za watoto waliozaliwa Helsinki miaka ya 1934 hadi 1944 na rejista za taifa za wagonjwa waliolazwa na za vifo. Wakaona kuwa walio hatarini zaidi ni waliozaliwa wadogo, wakawa wamekonda wakiwa na miaka miwili, kisha wakanenepa upesi.

Wapo waliopinga, wakisema umaskini wa nyumbani waweza kuleta yote mawili, udogo wa mtoto na maradhi ya utu uzima. Hoja hiyo ina uzito, lakini nayo hupimwa kwa madaftari yale yale.

Juzi tulimzika mwanachuo wetu wa zamani. Sukari ilimtesa miaka mingi. Namkumbuka siku alipowasili, shati likimpwaya. Nilikuwa mkufunzi kijana, na ni mimi niliyeandika kilo zake. Mkewe aliniuliza kama mumewe alikuwa mwembamba hivyo tangu ujana. Nilimjibu ndiyo, lakini kilo nilikuwa nimezisahau.