Chungu Kilichoachwa Motoni: Chimbuko la Supu ya Tambi ya Mpiko wa Polepole

Supu nzito ya maharagwe, nyama, nyanya na tambi, ambayo katika nyumba nyingi za Marekani huandaliwa asubuhi ndani ya jiko la umeme la kupikia polepole na kuliwa jioni watu wanaporejea kutoka kazini, huhesabiwa kuwa chakula cha kisasa. Hata hivyo, chimbuko lake limo katika mila mbili kongwe za mapishi ambazo kwa karne nyingi hazikukutana, yaani mila ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki ya kukiacha chungu motoni usiku kucha pasipo mtu kukigusa, na mila ya maskini wa Italia ya kupika tambi na maharagwe katika chungu kimoja. Mila ya kwanza ilizaa chombo na ya pili ikazaa chakula, na mvutano kati yao haujaisha hadi leo, kwa kuwa chombo hicho kilibuniwa kwa ajili ya vitu vinavyostahimili kuachwa, ilhali tambi si miongoni mwa vitu hivyo.

Sheria ya Sabato, iliyojengwa juu ya katazo la kuwasha moto linalopatikana katika kitabu cha Kutoka 35:3, haikuwazuia Wayahudi kula chakula cha moto siku hiyo bali iliwazuia kukipika, na kwa sababu hiyo chakula kilitiwa motoni Ijumaa kabla ya jua kutua, kikaachwa humo hadi mchana wa Jumamosi. Miongoni mwa Wayahudi wa Ashkenazi, yaani wale wenye asili ya Ulaya ya kati na ya mashariki, chakula hicho huitwa cholent, na kwa kawaida huwa na maharagwe, shayiri, nyama na, tangu zao hilo lilipoenea Ulaya, viazi mbatata. Familia nyingi hazikuwa na tanuri, hivyo vyungu vilipelekwa kwa mwoka mikate wa mtaa, na joto lililobaki katika kuta za tanuri lake likaendelea kuvipika huku likipungua taratibu. Nyama iliyofaa kwa mpiko huo ilikuwa ile ngumu na ya bei nafuu, kwa sababu kolajeni, yaani protini inayokaza misuli na kano, huhitaji saa nyingi za joto la wastani ili igeuke kuwa jelatini, ule ute unaoupa mchuzi uzito wake. Kwa namna hiyo katazo la dini na umaskini vilielekeza kwenye mapishi yaleyale.

Mila hiyo ilivuka bahari kupitia masimulizi ya nyumbani. Irving Nachumsohn, mvumbuzi aliyezaliwa mwaka 1902 katika jiji la Jersey City na ambaye baadaye alifupisha jina la ukoo wake kuwa Naxon, alisikia kwa mama yake jinsi cholent ilivyopikwa katika tanuri la mwoka mikate huko Vilna, mji ambao leo ni Vilnius, makao makuu ya Lithuania. Mwaka 1936 aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, akaipata mwaka 1940. Badala ya kuuweka moto chini ya sufuria, chombo chake kilizungushiwa waya wa umeme ubavuni, ili joto dogo liingie kutoka pande zote na chakula kisiungue chini hata kikiachwa kutwa. Kwa jina la Naxon Beanery kiliuzwa kama chombo cha maharagwe, na kwa miaka mingi hakikuvuma.

Mwaka 1970 kampuni ya Rival ya Kansas City iliinunua kampuni ya Naxon, na mwaka uliofuata chombo hicho kikaonyeshwa Chicago kikiwa na sura mpya na jina la Crock-Pot. Mauzo yake, yaliyokuwa kama dola milioni 2 mwaka 1971, yalifikia dola milioni 93 mwaka 1975, na katikati ya kipindi hicho, mwaka 1974, chungu chake cha kauri kilifanywa kiweze kutolewa na kuoshwa peke yake, badiliko dogo ambalo huenda liliwashawishi wanunuzi kuliko tangazo lolote. Bei ya nyama ilipanda, vikwazo vya mafuta vya mwaka 1973 viliwafanya watu wahesabu gharama za nishati, na wanawake wengi zaidi waliingia katika ajira ya mshahara. Matangazo yalikisifu chombo hicho kama mkombozi wa mwanamke mwenye kazi, ingawa kwa kweli hakikumwondolea jukumu la kupika. Kililisogeza tu kutoka jioni hadi alfajiri.

Historia ya chakula chenyewe ni ndefu zaidi. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi, katika kitabu alichomwandikia Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, alieleza kuwa Trabia, karibu na Palermo, palitengenezwa tambi kwa wingi na kusafirishwa kwa meli hadi nchi za Waislamu na za Wakristo. Tambi kavu za ngano ngumu, aina ya ngano yenye protini nyingi, zilihifadhika kwa miezi mingi, na mitambo ya kukandia na kukamulia unga ilipoenea Naples katika karne ya 17, bei ilishuka hadi zikawa chakula cha umma. Kunde, zao lenye asili ya Afrika, ndizo zilizoliwa Italia tangu zama za Warumi, hadi maharagwe ya Amerika yalipowasili katika karne ya 16 na kuchukua nafasi yake katika vyungu vingi; nyanya, zilizotoka bara hilohilo, zilikawia zaidi kukubalika jikoni.

Maharagwe hayo nayo yalikuwa na mpiko wake wa polepole. Huko Puglia yalitiwa katika mtungi wa udongo uliowekwa kando ya moto, na Toscana yalifukiwa kwenye majivu yenye joto ndani ya chupa ya kioo, yakaiva usiku kucha. Tambi, kinyume chake, ziliingia mwishoni, mpishi akiwa amesimama na mwiko mkononi. Naples walitumia vipande vya tambi za aina mbalimbali vilivyosalia katika makasha ya wauza duka, wakavichemsha ndani ya mchuzi wa maharagwe ili wanga uliovitoka uufanye uwe mzito, kazi iliyodai kukoroga bila kukoma ili chungu kisishike chini.

Kati ya mwaka 1880 na 1920 Waitaliano wapatao milioni 4, wengi wao kutoka kusini, walihamia Marekani, ambako nyama iliyokuwa chakula cha sikukuu kwao ikawa ya kila wiki, nayo ikaingia katika supu ya maharagwe pamoja na nyanya za kopo. Supu hiyo iliyonona ndiyo iliyotiwa katika chombo cha Naxon, na hapo mila mbili zikagongana. Tambi zikiwekwa asubuhi hunyonya mchuzi, hupasuka na kugeuka uji kabla ya mchana, kwa sababu wanga hulainika katika joto lililo chini ya kuchemka. Maharagwe mekundu makavu nayo yana sumu iitwayo fitohemaglutinini ambayo joto dogo huenda lisiiangamize, hivyo sharti yalowekwe na kuchemshwa kwa nguvu kwanza, au yatumike ya kopo, ambayo yamekwisha kuiva kiwandani. Kwa sababu hiyo wapishi wengi huacha nyama, nyanya na mboga ziive kutwa, kisha hufunua kifuniko na kutia tambi fupi zinapobaki dakika 20 au 30. Wengine huzichemsha kando na kuziweka bakulini wakati wa kula, njia iliyo salama zaidi kwa supu inayokusudiwa kubaki hadi kesho yake, japokuwa huipokonya supu ule wanga ambao kwa wapishi wa Naples ndio uliokuwa uzito wake.