Mwandishi, Mchezaji na Mipaka ya Uhuru: Kazi za Steve Meretzky

Uhakiki wa fasihi umezoea kuishughulikia matini iliyokwisha kukamilika kabla ya kumfikia msomaji. Mchezo wa kompyuta unautikisa mkabala huo, kwani humo msomaji hutenda, na utendi wake huamua sehemu gani ya matini itasomwa. Je, katika hali hiyo mwandishi hubakiwa na kazi gani? Makala haya yananuia kulijibu swali hili kwa kuichunguza kazi ya Mmarekani Steve Meretzky. Dai letu ni kwamba ufundi wa mwandishi wa aina hii haupimwi kwa wingi wa uhuru anaompa mchezaji, bali kwa mahali anapochagua kuuzuia.

Meretzky alizaliwa mwaka 1957, akasomea usimamizi wa ujenzi katika chuo cha MIT na kuhitimu mwaka 1979. Mwaka huo huo kundi la watu wa chuo hicho liliunda Infocom, kampuni iliyojijengea jina kwa mchezo wa Zork. Michezo yake ya mwanzo ilikuwa maneno matupu, bila picha: mchezaji alisoma maelezo kwenye skrini, akapiga chapa amri kama vile "fungua mlango", na programu ikamjibu. Meretzky aliingia humo kama mjaribu, yaani mtu wa kuzicheza kazi za wenzake na kuorodhesha kasoro zake. Uanagenzi huo ulimkutanisha mapema na msomaji mkaidi, anayejaribu kila lisilotarajiwa. Mtambaji wa ngano anamfahamu msomaji wa namna hiyo, ila yeye huitazama hadhira yake ana kwa ana na kuugeuza utambaji papo hapo. Mwandishi wa mchezo hana budi kuyatunga majibu yote kabla hajamwona mwitikaji.

Kazi yake ya kwanza, Planetfall (1983), yamhusu askari wa cheo cha chini wa kikosi cha anga anayejikuta kwenye sayari iliyohamwa. Mwenziwe wa pekee ni Floyd, roboti mwenye tabia za kitoto, anayecheza, anayelalamika na kumfuata kila aendako. Kwa muda mrefu Floyd ni kichekesho tu. Kisha kinahitajika kifaa kilichomo katika maabara iliyojaa viumbe hatari. Mchezaji akiingia mwenyewe, atakufa. Floyd anajitolea. Mchezaji ndiye anayeufungua mlango, akaufunga, akasikiliza, na kuufungua tena ili kumpokea Floyd aliyeumia hata hawezi kupona. Hapa uhuru wote wa awali umekunjwa ukawa tendo moja lisiloepukika, na mkono wa msomaji umetiwa ndani yake. Ni kweli kwamba anayekamilisha mchezo kwa ufanisi humwona Floyd ametengenezwa upya. Hata hivyo, faraja hiyo haifuti kilichotendeka mlangoni.

Mwaka 1984 Meretzky alishirikiana na mwandishi Mwingereza Douglas Adams kuigeuza The Hitchhiker's Guide to the Galaxy kuwa mchezo. Adams alikuwa mgumu wa kumaliza kazi kwa wakati, ikabidi mwenzake asafiri hadi Uingereza ili waikamilishe. Humo mbinu ya kuzuia inachukua sura ya dhihaka: msimulizi humdanganya mchezaji waziwazi kuhusu njia zilizopo. Msomaji analazimika kuitilia shaka sauti ambayo bila hiyo hawezi kuona chochote.

Kilele cha safari hii, kwa maoni yetu, ni A Mind Forever Voyaging (1985), iliyotungwa baada ya Ronald Reagan kuchaguliwa tena mwaka 1984. Mhusika mkuu ni kompyuta yenye akili, iliyolelewa katika maisha ya kubuni ikidhani kuwa ni binadamu. Inatumwa katika mfano wa mji wa Rockvil, South Dakota, ili ishuhudie matokeo ya mpango wa kisiasa unaoahidi kulihuisha taifa. Miaka kumi mbele mambo yanaonekana shwari. Kila muongo unaofuata, mji unazidi kuoza. Meretzky aliviondoa karibu vitendawili vyote hadi sehemu ya mwisho. Mchezaji anatembea, anatazama na kurekodi, wala hana uwezo wa kuwaokoa anaowaona. Unyonge huo ndio maudhui yenyewe: raia anauona uharibifu ukijengeka hatua kwa hatua.

Hatima ya uandishi huu haikuamuliwa na ubora wake. Infocom ilikuwa imetumia fedha nyingi kuunda Cornerstone, programu ya biashara ya kuhifadhi data iliyotolewa mwaka 1985, na mauzo yake yakaiangusha. Mwaka 1986 ilinunuliwa na Activision, na mwaka 1989 ofisi yake ya Massachusetts ikafungwa, wakati ambapo picha zilikuwa zimekwisha kuliteka soko. Meretzky aliendelea: aliiandikia Legend Entertainment Spellcasting 101 (1990), akashiriki kuanzisha Boffo Games iliyotoa The Space Bar (1997), kisha akahamia katika michezo midogo ya mtandaoni. Riziki ilipatikana, lakini nafasi ya kuandika kama alivyoandika mwaka 1985 haikurudi.

Soko lilitoa hukumu yake mapema. Uhakiki bado haujatoa yake. Udhuru wa kukosa matini umekwisha. Mwaka 2015 Internet Archive ilitoa nakala za nyaraka za Infocom ambazo Meretzky alikuwa amezihifadhi, zikiwemo ramani, rasimu na barua za ndani. Mwaka 2019 msimbo wa michezo hiyo ukawekwa hadharani. Sasa mtafiti anaweza kuona si tu kile mchezaji alichokisoma, bali pia majibu yaliyotungwa kwa ajili ya maswali ambayo huenda wachezaji wengi hawakuyauliza. Humo, katika milango aliyoiacha wazi na ile aliyoifunga, ndimo tunamopaswa kumtafuta mwandishi.