Oili nzito: urithi wa magari yaliyokwisha kufa

Juma hili naomba tuongee habari ya kopo la oili. Najua wapo watakaosema, huyu leo amekosa la kusema. Lakini injini ikifa mjini hapa huzikwa kwa fedha nyingi, na fedha hizo huwa ni ada za watoto au matofali ya nyumba. Nyingine hufa kwa uamuzi wa dakika mbili mbele ya duka la spea kule Gerezani, mwenye gari amesimama juani, fundi anamwambia: "Chukua ile nzito, bosi. Nchi yetu ya joto."

Neno hilo "nzito" nimelisikia tangu enzi za Peugeot 504, na leo linasemwa mbele ya IST na Vitz kana kwamba hakuna kilichobadilika. Basi hebu tulifuatilie tuone lilitoka wapi.

Kabla ya mwaka 1859, Edwin Drake alipochimba kisima chake cha mafuta huko Titusville, jimbo la Pennsylvania, Marekani, mashine zilikuwa zikilainishwa kwa mafuta ya wanyama na ya mimea. Mwaka 1866 daktari mmoja Mmarekani, John Ellis, akaanza biashara ya kulainisha injini za mvuke kwa mafuta yatokayo ardhini, na mwaka 1873 mafuta hayo yakapewa jina la Valvoline, kwa ajili ya zile vali za mvuke. Huko London, Charles Wakefield alifungua kampuni yake mwaka 1899. Mwaka 1909 kampuni hiyo ikatoa oili ya magari na ndege iliyochanganywa na mafuta ya mbarika, yaani nyonyo, haya haya ambayo mama zetu hupaka nywele. Jina la Castrol limetokana na jina la Kiingereza la mbegu hiyo. Marubani wa Vita Kuu ya Kwanza, waliokaa nyuma ya injini zilizokuwa zikitema nyonyo hewani, waliivuta mpaka matumbo yakawaharibikia. Aliyenyweshwa nyonyo utotoni hahitaji maelezo zaidi.

Gari lenyewe lilikuwaje? Ford Model T, lililotoka mwaka 1908, halikuwa na pampu ya oili wala filta. Flaiwili ilikuwa ikiirusha oili, nayo ikaangukia ilikoangukia. Hata kijiti cha kupimia hakikuwepo. Mwenye gari alilala chini, akafungua vikoki viwili, cha juu na cha chini, kuona kama oili ingalipo. Kitabu cha gari kilimtaka amwage oili yote kila maili 750, karibu kilometa 1,200.

Mwaka 1911 chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kikatoa viwango vya kwanza vya oili. Kutoka huko zikaja namba 20, 30, 40 na 50 tunazoziona leo. Namba hizi hazihusu uzito wa mizani. Zinahusu mnato, yaani oili inavyosita kutiririka. Baadaye, kwa ajili ya nchi za theluji, ikaongezwa herufi W, ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Kwa hiyo unaposoma 5W-30, hiyo 5W ni tabia ya oili katika baridi kali ya chini ya sifuri, na 30 ni mnato wake ikiwa na joto la nyuzi 100. Nisikufiche: sisi wa pwani namba ya kwanza haitutesi sana. Namba ya pili ndiyo yetu, na ndiyo fundi anayoikosea.

Zamani oili zilikuwa za namba moja moja, mtu akitumia nyepesi wakati wa baridi na nzito wakati wa joto. Miaka ya 1950 zikaenea oili za namba mbili. Ndani yake mmetiwa kemikali zinazovimba kadiri joto linavyopanda, ili oili isiwe maji maji injini ikichemka. Uingereza ilikumbana na jambo lake hapo. Mwaka 1959 lilitoka gari dogo la Mini, na mbunifu wake, Alec Issigonis, ili kubana nafasi, aliiweka gia boksi chini ya injini, vyote viwili vikitumia oili ile ile. Meno ya gia yakawa yanazikatakata zile kemikali, oili inakuwa nyepesi kabla ya wakati wake. Jibu likawa kuanza na oili nzito tangu mwanzo, na 20W-50 ikawa kama oili ya taifa la Waingereza. Huku kwetu, ambako barabara zilijaa Morris, Austin na Land Rover, ikaingia pamoja na magari hayo.

Na haikuwa kosa kuitumia. Injini za wakati ule zilitengenezwa kwa nafasi pana baina ya vyuma, na oili nzito ilizijaza nafasi hizo. Kisha ikaja miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, dola hakuna, ringi hakuna, pistoni hakuna. Injini iliyostahili kufunguliwa iliendelea kubeba watu. Ikitoa moshi wa buluu, dawa ilikuwa kuitilia oili nzito zaidi, moshi upungue, taa ya presha izimike, safari iendelee. Mafundi waliookoa magari ya mji huu kwa njia hiyo nawavulia kofia. Lakini ile ilikuwa dawa ya mgonjwa, na wanafunzi wao wakaichukua kuwa chakula cha kila siku.

Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, milango ikazidi kulegea, na kufikia miaka ya 1990 magari ya Kijapani yaliyotumika yakawa yanashuka bandarini kwa wingi. Hapo injini ikabadilika. Neno "nzito" likabaki pale pale.

Chukua injini ya Toyota ya 1NZ-FE, ambayo utaikuta ndani ya IST nyingi mjini hapa. Ujazo wake wa oili, pamoja na filta, ni lita 3.7 tu. Ina ule mtambo uitwao VVT-i, ambao Toyota waliuanzisha katikati ya miaka ya 1990. Kwa mtambo huo, kamshafti husogezwa mbele au nyuma kwa presha ya oili inayopita katika vali ndogo yenye kichungi cha waya. Hapo oili halainishi tu. Inafanya kazi ya mkono. Watengenezaji waliandika 5W-30, na baadaye 0W-20. Ukiweka 20W-50, oili hiyo alfajiri, gari likiwa limelala, ina mnato zaidi ya mara mbili ya ile 5W-30. Huchelewa kupanda juu, na vyuma hugusana vikavu muda mrefu kidogo zaidi, kila asubuhi. Injini haitakufa siku hiyo. Itakunywa petroli zaidi, itaanza kugonga, na siku itakapofunguliwa hakuna atakayelikumbuka lile kopo.

Sasa ile hoja ya nchi ya joto. Mwezi Agosti mji wa Tokyo huwa na joto kushinda Dar es Salaam. Na zaidi ya hapo, injini ina themostati inayoshikilia joto la maji, kwa kawaida kati ya nyuzi 80 na 90, liwe liko Tokyo au Tandika. Isipokuwa, bila shaka, fundi yule yule aliyekuuzia oili nzito awe amekwisha kuing'oa themostati akaitupa. Hapo injini inakuwa ya baridi kuliko walivyokusudia waliounda, na oili nzito inazidi kuwa nzito.

Kitabu cha gari, utaniambia, kimeandikwa Kijapani. Kweli, lakini namba si za Kijapani. 5W-30 inasomeka hivyo hivyo, na vitabu vingi huweka jedwali la joto la nje linaloonyesha oili zinazokubalika. Kama kitabu kinaruhusu 10W-30 kwa nchi za joto, tumia bila wasiwasi. Kitabu kikiwa kimepotea njiani kati ya Yokohama na bandari yetu, fungua boneti utazame kifuniko cha kutilia oili. Mara nyingi namba imepigwa mhuri juu yake.

Nimesema filta, nayo ina habari yake. Mwaka 1923 Wamarekani wawili, Ernest Sweetland na George Greenhalgh, walibuni filta ya oili ya gari wakaiita Purolator, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya oili safi baadaye. Filta za mwanzo zilichuja sehemu tu ya oili. Nyingine ilipita zake. Na wapo waliokaidi muda mrefu: ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, ambayo wengi wetu tuliijua, iliishi miaka yote bila filta ya kweli, ina chekecheo la waya tu chini ya injini, ndiyo maana ilitaka kubadilishiwa oili mara kwa mara. Filta ya kopo inayofungwa kwa kuzungushwa, hii tuliyoizoea, inahesabiwa kuwa kazi ya kampuni ya Wix, mwaka 1954.

Ndani ya kopo hilo mna mambo mawili ambayo filta ya bei ya kutupa huwa inayaiba. La kwanza ni ulimi wa mpira unaozuia oili isirudi chini gari likizimwa. Ukiwa mbovu, utasikia injini ikigongagonga sekunde chache kila asubuhi. La pili ni vali inayofunguka karatasi ikiziba, ili injini isikose oili kabisa. Hii ni huruma yenye gharama: filta iliyoziba haizimishi gari, inaruhusu uchafu upite kimya kimya. Kwa sababu hiyo sielewi kabisa habari ya "filta tutabadili safari ijayo". Unamwaga oili chafu, halafu unaacha nyingine ndani ya filta ile ile, ichanganyike na mpya uliyoilipia. Na fundi akifunga filta mpya, mwambie ahakikishe mpira wa zamani haukubaki umenata kwenye injini. Mipira miwili ikikutana, oili yote yaweza kumwagika barabarani kabla hujafika kwako.

Kuna herufi pia. Miaka ya 1930 matrekta ya dizeli ya Caterpillar yalikuwa yakinasa ringi kwa masizi, na mwaka 1935 ikapatikana oili iliyotiwa kemikali ya kusafisha. Tangu hapo oili nzuri huwa nyeusi mapema, kwa kuwa imeubeba uchafu badala ya kuuacha umeganda. Anayekwambia oili yako ni mbovu kwa sababu imebadilika rangi amechelewa miaka mingi. Taasisi ya mafuta ya Marekani, API, ndiyo inayopanga madaraja: S kwa injini za petroli, C kwa za dizeli, na herufi ya pili kadiri inavyosogea mbele ndivyo daraja lilivyo jipya. SP ilikuja mwaka 2020 na SQ mwaka 2025. Kuanzia SH kurudi nyuma, API yenyewe imeziweka kando kuwa zimepitwa na wakati, lakini tazama rafu za maduka yetu utaona bado SF inang'aa kwenye kopo lenye picha ya gari la mashindano.

Na kilometa je? Hapa foleni inatudanganya. Gari linalotambaa mjini kwa wastani wa kilometa 10 kwa saa, likifikisha kilometa 5,000 injini imefanya kazi saa 500. Gari la safari ndefu linalokwenda wastani wa 60 kwa saa, katika saa hizo hizo 500, limekwenda kilometa 30,000. Mita ya dashibodi haihesabu saa ulizokaa Ubungo. Kwa hiyo wa mjini asijilinganishe na shemeji yake anayekwenda Dodoma kila juma, wala asiamini kila namba kubwa iliyoandikwa kwenye kopo. Kilometa 5,000 kwa oili ya daraja zuri naiona inatosha mjini.

Ukimaliza, litoboe kopo tupu kwa bisibisi mbele ya fundi. Wapo wanaoyanunua makopo mazima ya majina makubwa, na hawayanunui kwa ajili ya kuwekea maji.

Nimebakiza mtu mmoja. Ni yule mzee ambaye bado ana 504 yake, anaipangusa kila Jumamosi na inawaka kwa ufunguo mmoja. Huyo aendelee na 20W-50 yake, na mafundi vijana wasimpe oili ya IST.