Wachungaji Waliofundwa Wodini

Kiangazi cha mwaka 1925, wanafunzi wachache wa theolojia walihamia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani. Hawakupewa mimbari, bali kazi ya wahudumu wa wodi. Mchana walikuwa na wagonjwa. Jioni, wakiwa hoi, waliketi na mchungaji wa hospitali, Anton Boisen, kujadili waliyoyaona na kuyasikia.

Boisen aliijua wodi tangu alipokuwa mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1920 aliugua akili, akalazwa kwa zaidi ya mwaka mzima. Aliporejewa na nafuu alishikilia jambo moja: katika mateso ya akili mna maswali ya imani ambayo madaktari wanayapita na wachungaji wanayakimbia. Kwake, mgonjwa alistahili kusomwa kwa umakini uleule ambao mwanafunzi huutumia kusoma Agano Jipya kwa Kigiriki. Nauheshimu sana mwanzo huu, kwa sababu mafunzo haya ya uchungaji hospitalini yalizaliwa na mtu aliyewahi kulala kitandani akisubiri mchungaji wa kumwelewa.

Aliyemuunga mkono alikuwa daktari, Richard Cabot wa Harvard, ambaye mwaka huohuo wa 1925 alitaka kila mwanafunzi wa theolojia apitie hospitalini, kama wanavyofanya wanafunzi wa udaktari. Mwaka 1930 walishiriki kuunda baraza la kusimamia mafunzo hayo. Lakini mwaka huo Boisen akaugua tena, na Cabot, aliyeamini kwamba chanzo cha wazimu ni mwili, akajitenga naye. Mwaka 1932 Boisen alihamia hospitali ya Elgin, Illinois, akaendelea na kazi yake.

Kwenye Hospitali Kuu ya Massachusetts, Cabot alifanya kazi na mchungaji kijana, Russell Dicks, na hapo ndipo ilipokomaa desturi ambayo hadi leo inawatoa wanafunzi jasho. Mwanafunzi akitoka kwa mgonjwa, anakaa chini na kuandika mazungumzo yote neno kwa neno, kadiri anavyokumbuka. Kisha anayasoma mbele ya wenzake na mkufunzi. Tuseme mama mmoja amesema, “Usiku naogopa,” na mwanafunzi akajibu haraka, “Usijali, Mungu yupo, tuombe.” Mkufunzi atauliza: mama anaogopa nini? Hukumuuliza kwa nini? Nani hasa alikuwa na haraka ya kuomba? Mara nyingi hapo mwanafunzi hugundua kwamba sala ile ilikuwa mlango wa kutokea.

Kwa Walutheri, ambao mchungaji wao huingia kwa mgonjwa na Neno na Sakramenti, swali lilikuwa zito: je, saikolojia haitachukua nafasi ya Injili? Lilikuwa swali la haki. Aliyenishawishi kwamba lina jibu ni Granger Westberg, mchungaji wa Kilutheri aliyehudumu katika hospitali ya Augustana, Chicago, miaka ya 1940. Hospitali hiyo ilikuwa ya sinodi ya Walutheri wenye asili ya Sweden, ileile iliyotuma wamisionari Singida. Baadaye Westberg alifundisha Chuo Kikuu cha Chicago, katika kitivo cha tiba na cha theolojia kwa pamoja, na mwaka 1962 kitabu chake kidogo kuhusu huzuni ya kufiwa kikasomwa mno makanisani. Hakuiacha Injili, alijifunza kwanza kusikia kilio ambacho Injili inakijibu.

Walutheri walikuwa na baraza lao la mafunzo haya, na mwaka 1967 likaungana na vyama vingine vitatu kuwa chama kimoja cha kitaifa. Leo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani humtaka mtahiniwa wa uchungaji amalize angalau awamu moja ya mafunzo haya kabla ya kubarikiwa. Awamu moja ni saa zisizopungua 400, za wodini na za darasani.

Kwetu Tanzania, mafunzo haya yana makao katika hospitali ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Huko mwanafunzi hukutana na jambo ambalo Worcester haikulijua sana: ndugu. Kitanda kimoja kina shangazi, kaka na mzee wa ukoo, kila mmoja na neno lake, na mgonjwa mwenyewe huenda hajaulizwa lolote tangu asubuhi. Anayetaka kumsikiliza huyo hana budi kuwasalimu wote kwanza, tena kwa utulivu, ndipo aombe nafasi ya kubaki naye peke yake.