Malengelenge kwa mjamzito: Si kila lengelenge ni mafuta ya korosho

Msimu wa korosho Masasi na Newala, mtu akitoka malengelenge, wa kwanza kulaumiwa ni mafuta ya ganda. Ni kweli yanaunguza ngozi ya anayebangua. Lakini kwa mjamzito kunaweza kuwa na jambo lingine: pemfigoidi ya ujauzito.

Ni ugonjwa gani?

Kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, inashambulia protini inayoshikanisha tabaka la juu la ngozi na la chini. Tabaka zikiachana, maji hujaa katikati.

Ugonjwa huu ni nadra: hukadiriwa kumpata mjamzito 1 kati ya 20,000 hadi 50,000. Hauambukizi. Si tetekuwanga, si mkanda wa jeshi, na wala si dalili ya VVU. Kwa hiyo mama asitengwe.

Utautambuaje?

Mara nyingi huanza kuanzia mwezi wa nne wa mimba. Kwanza muwasho mkali kuzunguka kitovu, kisha vipele, halafu malengelenge yanayosambaa mwilini. Mafuta ya korosho huunguza pale yalipogusa, hasa vidole na mikono. Ugonjwa huu huanzia tumboni, hata kwa asiyegusa korosho.

Mtoto je?

Wengi huzaliwa salama. Ila wapo wanaozaliwa njiti au na uzito mdogo, ndiyo maana kliniki haikwepeki. Takriban mtoto 1 kati ya 10 hutoka malengelenge, nayo huisha yenyewe ndani ya wiki chache.

Matibabu

Daktari huandika krimu ya steroidi, na hali ikiwa kali, vidonge vya prednisolone. Usijinunulie dukani. Usipasue malengelenge wala kuyapaka dawa usiyoijua, kidonda kitaingia vijidudu.

Ugonjwa unaweza kupamba moto baada ya kujifungua na kurudi mimba ijayo. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo huweza kuuamsha, hivyo mweleze mhudumu kabla ya kuchagua njia.

Uende wapi?

Anzia kliniki unayohudhuria, uombe kuonwa na daktari. Hospitali zipo Newala mjini, Mkomaindo kwa Masasi, na Ndanda.

Usisubiri kesho: ukiwa na homa, vidonda mdomoni au machoni, au ngozi inayobabuka baada ya kumeza dawa yoyote, nenda hospitali siku hiyo hiyo na ubebe dawa uliyomeza. Huenda ni mzio mkali wa dawa, nao huua.